Wombati Kwenye Chumba cha Siri

Kazi ya Leonie Kleinig haielezeki mezani, na si kwa sababu ni ngumu. Ngumu ni ngumu, lakini hata ingekuwa kukaanga mayai asingeruhusiwa kuisema. Alikuwa mhandisi wa chipu katika kampuni moja ya zana za ulinzi huko Salisbury, kaskazini mwa Adelaide, Australia, ndani ya jengo la rangi ya majivu lisilo na kibao, ambalo kila dereva wa teksi alijua ni la nini. Mama mkwe wake aliamini anatengeneza mashine za kufulia. Jirani aliamini ni jasusi, akawa anamletea nyanya kwa heshima. Mumewe Rohan, fundi bomba, alijua neno moja tu, "chipu", na alilitumia vibaya kila Krismasi.

Hebu niieleze kidogo hiyo chipu, maana bila hiyo hatuendi. Chipu nyingi huzaliwa zinajua kazi yao: ya saa ni ya saa, ya friji ni ya friji mpaka kufa. Za kina Leonie huzaliwa tupu, hazijui lolote. Mhandisi anakaa, anaandika mpango, anaumimina ndani, na chipu inakuwa kile alichoandika. Leo sikio, kesho kikokotoo. Ukiifuta inarudi kuwa si kitu. Leonie alikuwa anatengeneza masikio, chipu za kukaa melini na kusikiliza kama kuna rada ya adui inawatafuta huko mbali. Zaidi ya hapo usiniulize, hata mimi sijaambiwa.

Na huko kazini walikuwa na mila yao. Wanapokaa kukagua mpango wa mtu, neno "nadhani" ni mwiko. Ukiulizwa, "Hii itaamka kwa wakati?" unajibu "ndiyo, nimepima," au unajibu "sijui." Ukisema "nadhani" meza nzima inakupigia mluzi, na kesho yake unaleta keki za chura, zile za kijani zenye mdomo wazi, za kutosha watu wote. Leonie alikuwa hodari wa kupiga mluzi. Tangu aajiriwe hakuwahi kununua chura hata mmoja, na alijisifu kwa hilo mpaka wenzake walichoka.

Sasa, siku ya mkasa ilikuwa Alhamisi moja ya Februari, jua la kuchoma nyayo, watu wote wanatembea wakitafuta kivuli cha nguzo. Chumba cha siri hakiingizwi simu, hakiingizwi saa za kisasa, hakiingizwi chochote chenye sikio au kumbukumbu. Nje ya mlango kuna vikabati. Unatoa vyako, unafunga, unaingia. Leonie akatoa simu, akavua saa, akaingia na mkoba wake wa chakula kama kawaida. Ndani ya mkoba mlikuwa na sandwichi ya kuku, tufaha, na, pasipo yeye kujua, Mchuzi.

Mchuzi alikuwa mdoli wa manyoya wa umbo la wombati, yule mnyama wa kwao mfupi anayechimba mashimo, mnene, wa kahawia, mali ya Edie, binti wa Leonie wa miaka mitano. Jina hilo alipewa na Edie mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kuuliza sababu. Tumboni alikuwa na kidubwasha: ukisema, anarudia ulichosema kwa sauti nyembamba ya kubana pua. Kila mgeni aliyekuja nyumbani kwao alimchukia kabla chai haijapoa. Edie hakulala bila yeye.

Siku hiyo kulikuwa na wageni wa jeshi la majini. Mbele alikaa kapteni mmoja mwanamama, mrefu, sare nyeupe iliyopigwa pasi ikapigika. Upande wa pili alikaa Garth, mkubwa wa kitengo, ambaye tangu asubuhi alikuwa anajipangusa jasho ingawa kiyoyozi kilikuwa kinavuma. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Leonie alipousogeza mkoba kwa mguu, na kitu humo ndani kikabonyea.

"Swali langu ni moja," kapteni akasema. "Hiki chombo chenu kinasikia kila kitu?"

"Langu ni moja," ikaitika sauti nyembamba kutoka chini ya meza. "Hiki chombo chenu kinasikia kila kitu?"

Watu wakageuka huku na huku.

"Nani huyo?" Garth akauliza.

"Huyo?"

"Acheni mzaha! Leonie, kuna nini hapo chini?"

"Mzaha! Leonie, kuna nini hapo chini?"

Afisa mmoja kijana akainamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Leonie alitamani ardhi ipasuke immeze yeye na mkoba wake. Akaingiza mkono, akavuta sikio la manyoya, na Mchuzi akatoka mbele ya jeshi lote la majini akiwa na chembe za mkate puani.

"Ni wombati," Leonie akasema.

"Wombati," Mchuzi akakubali.

Akaitwa Noreen Vlahos, afisa usalama. Noreen ni mwanamke mfupi wa makamo, miwani inaning'inia kifuani, hacheki wala hafoki, na ukimwambia kanuni ni ya kijinga anakuuliza umeisoma ukurasa gani. Alimtazama Mchuzi, akamzima swichi iliyokuwa chini ya unyayo, akavuta kiti.

"Wa nani?"

"Wangu. Yaani, wa Edie. Noreen, naapa sikujua."

"Najua hukujua. Anasikia?"

"Anasikia."

"Anakumbuka?"

"Maneno machache tu. Halafu anasahau."

"Na ukimtoa betri?"

"Ukimtoa betri anasahau kila kitu. Nadhani."

Meza nzima, hata katika msiba ule, ikapiga mluzi.

Noreen akangoja mluzi uishe. Kisha akaeleza, polepole, kwamba kitu chenye sikio kikiingia chumba kile hakitoki tena. Kinakaa kwake, na Ijumaa kinakwenda kwenye mashine ya kusaga pamoja na diski mbovu. Ila kanuni ina mlango mmoja wa uani: mtaalamu wa chipu akithibitisha kwa maandishi kwamba kitu hicho hakina kumbukumbu ya kudumu, kinaweza kurudi kwa mwenyewe.

"Na mtaalamu wa chipu humu ndani," Noreen akasema, "kila mtu ananiambia ni wewe. Mchukue mezani kwako, mpime. Kesho asubuhi nataka saini yako au nataka wombati."

Leonie akashusha pumzi. Kumbe rahisi! Saini tu.

Akamlaza Mchuzi kwenye meza ya kazi, akamfumua mshono wa tumbo, watu wakaja kuchungulia kama wanafunzi wa udaktari. Ndani, katikati ya pamba, kulikuwa na kibao kidogo cha kijani, upana wa biskuti, na juu yake tone moja gumu, jeusi, mfano wa lami iliyodondoka. Hiyo ndiyo chipu. Za bei rahisi hufunikwa hivyo: hakuna jina, hakuna namba, hakuna aliyeitengeneza. Ukilibandua hilo tone unaua kilichomo.

Akampima. Akamwambia jambo, akatoa betri, akarudisha, Mchuzi akakaa kimya bila kukumbuka kitu. Akarudia. Akarudia tena akiwa amembadilishia betri, akampasha moto, akampoza na kopo la hewa baridi. Kila mara Mchuzi aliamka mjinga kabisa, hana habari na dunia. Garth akapiga makofi.

"Haya, imekwisha. Saini tukale."

Leonie akashika kalamu. Akaiweka. Akaishika tena.

"Nini tena?"

"Hajasema," Leonie akajibu. "Lakini kutosema si kutokumbuka. Mimi nimepima mdomo wake tu. Chini ya hili tone kunaweza kuwa na kipande cha kumbukumbu ambacho hakijaunganishwa na mdomo. Viwanda hivi hununua chipu yoyote iliyopo sokoni, wanatumia nusu, nusu inalala. Nitajuaje?"

"Leonie. Ni mdoli."

"Basi saini wewe."

"Mimi si mtaalamu wa chipu!" Garth akaruka, akarudi ofisini kwake haraka, keki ya mtu mkononi.

Ndiyo shida ya watu hawa. Mimi na wewe tungesaini tukiwa tumesimama, na kalamu ya kuazima. Leonie alikuwa amezoea kuikataa kazi ya wenzake kwa sababu ya kitu ambacho hakikuonekana, na alikuwa sahihi, na wenzake walimshukuru baadaye. Sasa kisu kilimgeukia mwenyewe.

Jioni alifika nyumbani kwao, mji wa Gawler, akamkuta Edie akimngojea mlangoni, mikono nyuma.

"Alikusaidia?"

"Nani?"

"Mchuzi. Nilimtia kwenye mkoba chini ya sandwichi."

Leonie akapiga magoti. "Mwanangu, ulimtia kwa nini?"

"Kwa sababu kule kazini huna mtu wa kuongea naye."

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Baba akikuuliza leo mliongea nini kazini, kila siku unasema hamna kitu." Edie akasema hivyo kwa huruma kabisa. "Mimi nina Mchuzi na nina Baba na nina mwalimu. Wewe huna. Yuko wapi?"

Roho ya Leonie ikauma, ikauma kweli. Akasema Mchuzi analala kazini leo, kuna mama mmoja anamtunza. Edie akafikiri, akakubali kwa shingo upande, na usiku huo akalala na soksi ya baba yake badala ya wombati.

Rohan alisikiliza habari yote akiosha vyombo, na ilipofika kwenye saini akaacha sufuria ielee.

"Ngoja. Hiyo saini unayo? Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Na mkono unao. Basi tatizo ni nini, mke wangu?"

"Sijaona ndani."

"Mtoto amelala na soksi yangu, Leonie! Soksi ya kazini!"

"Rohan, nikisaini kitu nisichokijua mara moja..."

"Ni wombati! Adui gani atakuja kumhoji wombati?"

Leonie akaichukua sufuria, akaikausha. Alijua mumewe anasema kweli, na alijua pia kwamba haitamsaidia. Alijaribu kuwaza mkono wake ukiandika jina pale, na mkono ukagoma hata kwenye mawazo.

Asubuhi, boksi la keki za chura likiwa kwapani, akaingia kwa Noreen, akaiweka fomu mezani, tupu, na Mchuzi pembeni, tumbo lake limeshonwa tena.

"Sijui," akasema.

Noreen akavaa miwani, akaitazama ile fomu, akamtazama yeye. "Umempima?"

"Nimempima. Siwezi kuona ndani. Sijui."

"Ungesaini ningekupa, unajua hilo."

"Najua."

Noreen akavuta droo, akatoa mkasi. Akafumua mshono wa Mchuzi, akavuta kibao cha kijani na spika yake na nyaya zake, akavitia kwenye bahasha nyekundu. Akayachukua manyoya yaliyobaki, akayakung'uta, akampa Leonie.

"Kanuni inasema kitu chenye uwezo wa kusikia. Manyoya hayasikii."

Leonie nusura ambusu. Wakaenda pamoja kwenye mashine ya kusaga, maana kanuni inataka shahidi, wakasimama upande kwa upande mpaka sauti ya kukwaruza ikaisha. Ilikuwa fupi sana. Noreen akasema, "Mwanangu alikuwa na sungura wa manyoya," akaondoka zake.

Kumwambia mtoto ndiyo kulikuwa kazi. Edie aliyachukua manyoya kwa mikono miwili, akayaminya tumboni.

"Mbona amenywea?"

Leonie angeweza kudanganya. Rohan, nyuma ya mtoto, alikuwa anamwashiria kwa nyusi zote mbili adanganye. Lakini akasema: "Ubongo wake umebaki kazini. Umesagwa. Hautarudi."

"Nani kausaga?"

"Sheria ya kule. Walitaka niandike jina langu, niseme najua kwamba hakumbuki kitu alichosikia. Sikuandika."

"Kwa nini?"

"Sikuweza kuona ndani."

"Ungeandika angerudi mzima?"

"Angerudi."

Edie hakulia. Bora angelia. Aliyabeba manyoya yake, akaenda chumbani, akafunga mlango taratibu. Ilipofika saa ya hadithi akasema kupitia tundu la ufunguo kwamba anamtaka Baba. Leonie akabaki ukumbini na kitabu mkononi, na nakwambia hakuna kikao cha jeshi kilichowahi kumdhalilisha namna ile.

Jumamosi akaamka na shari. Akapanda ngazi ya stoo, akashusha boksi la vumbi, ndani yake kibao cha chipu tupu alichokinunua zamani ili akichezee nyumbani, akakisahau, kwa kuwa mwokaji hali mkate wake. Akakitandaza mezani jikoni na nyaya na chuma cha kuchomelea. Rohan akatazama.

"Unataka kufanya nini?"

"Ninampa ubongo."

"Umesema hatarudi."

"Huyo hatarudi. Huyu anakuja."

Edie alipita kwenda kwenye friji. Akapita tena. Mara ya tatu akasimama mlangoni, mbali na mama yake, mikono kifuani kama mkaguzi wa afya.

"Hicho ni nini?"

"Chipu. Haijui kitu. Mimi ndiye nitakayeiambia iwe nini."

"Haijui kitu kabisa?"

"Kabisa. Sasa hivi wewe unajua mengi kuliko yenyewe."

Edie akasogea kiti kimoja. Leonie akaendelea, na huku anaendelea akawa anasema: hapa sauti inaingia, hapa inageuzwa kuwa namba, hapa namba zinapanga foleni, hapa zinatoka mbio kidogo ndiyo maana sauti inakuwa nyembamba. Alikuwa anasema bila kujitambua. Kazini huyasema hayo kila siku. Nyumbani ilikuwa mara ya kwanza, maana wombati hana siri ya serikali. Rohan naye akavuta kiti. Akauliza swali la kijinga kuhusu foleni ya namba, kisha akauliza la maana, kwamba foleni ikijaa zinamwagikia wapi, na Leonie akamtazama kwa mapenzi mapya.

"Bomba ni bomba," Rohan akasema, akijifanya hajali. Kisha, macho yakiwa chini: "Kuna mteja mmoja mwaka jana alinitaka nisaini bomba la gesi lililokwisha kufunikwa ukutani. Akaniambia niamini bwana, limekazwa. Nilimvunjia ukuta."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza. Nisamehe ya juzi."

Mchana kazi ikaiva. Na kazi yenyewe, loo! Sauti safi, hakuna mkwaruzo, mwangwi umechujwa, kelele ya kiyoyozi imeondolewa. Ule mpango ungeingia melini bila aibu. Leonie akaushindilia ubongo tumboni mwa Mchuzi, akampiga mshono mkubwa, akamkabidhi Edie, akasimama wima kama mbele ya kapteni.

Edie akamweka mezani. "Mchuzi, umeamka?"

"Mchuzi, umeamka?" akasema wombati, wazi kabisa.

Edie akarudi nyuma. "Si yeye."

"Vipi si yeye? Sauti ni ile ile!"

"Amesema Mchuzi."

"Ndiyo, wewe umesema Mchuzi, naye kasema Mchuzi. Amesikia vizuri."

"Mchuzi hajui jina lake!" Edie akapaza sauti, machozi yakaanza kumlenga. "Hajawahi kulijua! Nikimwita anakuwa bado amelala. Ndiyo maana mimi namkumbukia. Huyu anajua. Huyu ni mtu mwingine."

Rohan akageuka kutazama dirishani ili acheke salama. "Mteja amekataa mzigo," akanong'ona.

Leonie aliona uchungu, nisiseme uongo. Kazi nzuri vile! Akataka kubishana, akamwona mtoto alivyojikumbatia kwa mikono mitupu, akaacha. Akachukua kalamu. "Kaa," akasema. "Niambie vyote. Mchuzi wa kweli alikuwaje?"

Edie akakaa, akaeleza, na hakuacha kitu. Neno la kwanza halisikii kamwe. Ukimnong'oneza hasikii chochote, lazima useme kama uko dukani. Ukicheka, anacheka kama anapaliwa. Ukimwambia maneno mengi anachoka katikati.

Ndipo Leonie akaelewa, akajipiga paji la uso. Yule fundi asiye na jina, huko alikomtengeneza, hakuwa mzembe hata kidogo. Alimlaza usingizi ili betri isiishe, akamwamsha kwa kelele ya neno la kwanza, na mpaka amefumbua macho neno limeshapita. Kasoro ile ilikuwa uamuzi. Kwa betri ile ndogo, hata Leonie angeamua hivyo hivyo. Akajikuta anamheshimu mtu ambaye kazi yake aliishuhudia ikisagwa jana tu.

Sasa tazama maajabu: mhandisi anayelipwa kuhakikisha masikio hayapotezi hata chembe ya sauti, anakaa jikoni kwake Jumapili asubuhi kulifundisha sikio kuchelewa. Na si kazi rahisi, ndugu yangu! Mara ya kwanza alichelewa mno, akala maneno mawili. Mara ya pili alikula nusu neno, akawa anaanza na "chuzi." Kila toleo Edie alilipeleka kwenye zulia, akalijaribu, akalirudisha. "Bado." "Bado kidogo." "Huyu anacheka kama mjomba." Kapteni wa majini alikuwa mpole kuliko huyu.

Karibu na chakula cha mchana, Edie akasema kwa sauti ya dukani, "Mchuzi, baba anachoma soseji."

"Baba anachoma soseji," akasema Mchuzi, sauti ya kubana pua, na mwishoni akapaliwa kidogo.

Edie akamsogelea. Akamwinua, akamnusa kichwani, akamsogeza sikioni.

"Ndiye," Edie akasema. Lakini alisema akimwambia Mchuzi, hakumtazama mama yake.

Rohan, mtu wa mzaha, akaona pengo la kuziba. Akaingia kutoka nje na koleo la soseji mkononi, akachana karatasi kwenye daftari lililoning'inia kwenye friji, akachora mstari. "Haya, kazini kwa mama yako, mteja akiridhika na mzigo anaweka saini. Bila saini kazi haijaisha, na mama yako hatakula soseji. Andika: huyu ni Mchuzi na yuko sawasawa. Weka jina hapa."

Edie alikuwa amejua kuandika jina lake mwaka ule ule, na hakuwa anakosa nafasi ya kuliandika. Lilikuwa ukutani, kwenye friji, na mara moja kwenye gari la jirani. Akashika kalamu ya nta, akapiga magoti juu ya kiti, akaweka ncha kwenye mstari.

Akasita.

Akamtazama Mchuzi. Akaitazama karatasi. Akaweka kalamu chini.

"Siwezi," akasema.

"Ala! Kwa nini tena?" Rohan akauliza. "Si umesema ndiye?"

"Sijaona ndani."

Koleo la Rohan likabaki hewani. Edie akamgeukia mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akamtazama usoni, paji limekunjamana, kama mtu aliyekuwa anabeba kitu peke yake na sasa anaona mwenzake naye alikuwa amekibeba.

"Ndivyo ilivyokuwa, Mama?"

"Ndivyo ilivyokuwa," Leonie akasema.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," Rohan akasema taratibu, akaenda kuziokoa soseji.

Leonie akachukua mkasi, akafumua ule mshono wake mkubwa, akapanua pamba. Edie akainama na tochi ya baba yake mpaka pua ikagusa. Anasikia wapi? Leonie akamwonyesha. Anakumbuka wapi? Akamwonyesha. Na kusahau? Hapa, ukichomoa waya huu. Edie akauchomoa mwenyewe, kitaa kidogo cha kwenye kibao kikazimika. Akauchomeka, kitaa kikawaka, akamngoja Mchuzi aseme yale ya mwanzo, na Mchuzi hakuwa na habari za baba wala za soseji. Akafanya hivyo tena na tena, na Leonie hakumharakisha.

Kisha akaandika jina lake, herufi zote zikiwa kubwa, moja imegeuka nyuma. Akamrudishia mama yake kalamu, akapanda mapajani pake pamoja na wombati aliyefumuliwa tumbo, na wakakaa hivyo mpaka walipoitwa kula.